Maini ni ya Jeki

Mimi mzaliwa wa Kihesa, Iringa, Mhehe wa baba na mama, na watani husema Wahehe tunakula mbwa, kwa hiyo nikipita barabarani na mbwa mwenye afya najua kabisa nitakachosikia. "Huyo Pasaka atafika kweli?" Safari hii watani wamepata sababu, maana kila jioni wananiona na mfuko wa maini, namlisha Jeki kipande kimoja kimoja. Nani atanielewa nikisema namfundisha adabu?

Jeki akiona bodaboda anapandwa na mashetani. Mwanzoni dawa nilikuwa naijua: fimbo. Kumbe yeye hesabu yake ilikuwa hii: boda ikitokea, na fimbo inakuja. Ndiyo kwanza akazidi kuzichukia. Nikamchapa mpaka kunguruma akaacha, nikatamba mtaani. Nilikuwa nimeng'oa honi tu, gari bado linakwenda. Wiki hiyohiyo akamvaa muuza maziwa, akamchania suruali bila hata kukohoa. Jeki amechanjwa kichaa, namshukuru Mungu. Suruali ndiyo niliyoilipa.

Bwana mifugo akaniambia weka fimbo, nunua maini. Tunasimama mbali, pale Jeki anapoiona boda lakini jina lake bado analisikia. Sisi tulianzia hatua 40, nahesabu kwa sauti kama kichaa. Boda ikitokea, maini. Ikishapita, maini yamekwisha. Akibweka, kosa ni langu, nimemsogeza mno, nirudi nyuma. Kosa langu! Mimi mwenye nyumba! Eti ndiyo mambo ya yule Mrusi, Pavlov, aliyepata Nobel mwaka 1904 kwa kuchunguza mmeng'enyo wa chakula, mbwa wake mate yakiwadondoka chakula hakijafika. Yeye alikuwa na maabara. Mimi nina tope la Machi na mama watoto anayehesabu vipande.

"Baba Neema, mbwa maini, sisi majani ya maboga?"

"Ni mafunzo, mama."

"Na mimi nikibweka?"

Nikanyamaza. Mwanamume ana siku za kunyamaza.

Juzi tukafika hatua 15. Boda ya kwanza, Jeki akanitazama mimi! Machozi yakanilenga. Ya pili, sawa. Ya tatu ikapiga honi, halafu mbuzi wa watu wakakatiza, nikaona masikio yamesimama na mkia umekuwa mgumu kama mpini. Mtu mwenye akili angeenda nyumbani. Mimi nikataka moja ya mwisho.

Ndipo mzee jirani akatoka kilabuni, ulanzi umemkolea, mguu mmoja unakwenda Kihesa, mwingine Ipogolo.

"Kamwene!" akanisalimu Kihehe kwa sauti kubwa, mikono yote juu.

Jeki akalipuka. Nikarudi nyuma kama nilivyofundishwa. Nyuma kulikuwa na mtaro.

Maini yote yakamwagika, Jeki akanyamaza papo hapo, anakula. Mzee akaja akainama, akanichungulia mle ndani ya maji.

"Mwanangu, na hapo ni hatua ya ngapi?"