Mum ya kukaa kimya haina uhusiano na mama wala maiti

Nimeona watu wanabishana kuhusu "mum", ile ya Kiingereza kwenye "keep mum", yaani kaa kimya, na ile "mum's the word", hii siri tusiitoe. Wengine wanasema imetoka kwa mama, maana Waingereza mama pia wanamwita mum, eti mama ndo anajua kutunza siri, wengine wanasema ni mummy, zile maiti za Misri, maana maiti haiongei. Afu akitokea mtu akasema hapana, ni sauti tu ya midomo iliyofungwa, anaambiwa hiyo ni mbinu ya asiye na jibu, kila neno lisiloeleweka linasingiziwa tanakali sauti.

Kwa mama sielewi ugumu uko wapi. Mum ya kimya ilishaandikwa karne ya 14, mum ya mama ikaja kuandikwa baadaye sana. Nadhani kilichochanganya watu ni mambo kama lile bango la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili, "Be like Dad, keep Mum", yaani kuwa kama baba, kaa kimya, ila pia inasomeka mtunze mama, walichezea maneno makusudi ili watu wasiropoke siri za vita. Na mummy ya maiti ni ukoo mwingine kabisa, inatoka Kiarabu mumiya na nyuma yake Kiajemi mum, yaani nta, na sisi tunaijua vizuri maana ndo hiyo hiyo iliyotupa mumiani tuliokuwa tunatishiwa utotoni tusizurure usiku.

Wanaopinga tanakali wana hoja moja ya maana, kwamba Kifaransa cha zamani kilikuwa na momer, kuigiza bila kusema huku umevaa kinyago, na Waingereza wakapata mummers, waigizaji wa namna hiyo, kwahiyo pengine kimya kimetoka kwenye michezo hiyo. Inawezekana kabisa maneno haya yalisukumana. Ila hata hiyo momer wengi wanaona ilizaliwa na sauti ile ile, na ukienda Kigiriki unakuta myein, kufunga mdomo au macho, Kilatini mutus, bubu, zote zinaanza na m. Banisha midomo sasa hivi ujaribu kutoa sauti, utatoa herufi gani nyingine?

Kinachonikera ni kwamba wanaopinga hawasomi mum ilivyotumika mwanzo. Kwenye Piers Plowman, shairi la Kiingereza la karne hiyo ya 14 la William Langland, kuna wanasheria wenye kofia za hariri, anasema ni rahisi kupima ukungu kwenye vilima vya Malvern huko Uingereza kuliko kupata "mom" moja, ndo mum yetu ilivyoandikwa humo, vinywani mwao kabla hujaonesha hela. Soma tena hapo. Hawa jamaa wako kimya tayari, mom ndo kile unachokitafuta kwao na hukipati! Kwahiyo hapo mum sio kimya, ni sauti, ile ndogo kuliko zote, mdomo haujafunguka hata kidogo. Ni kama unamuuliza mdogo wako nani kavunja kikombe, anabana midomo anakwambia "mm", sauti umeisikia ila jibu hujapata, na mtu asiyekupa zaidi ya mm si amekunyamazia? Neno likahamia huko taratibu.

Na Shakespeare miaka ya 1590 bado alama ipo, kwenye sehemu ya pili ya tamthilia yake ya Henry VI mtu anajiambia mwenyewe afunge midomo, asitoe neno ila mum. Ila mum! Yaani mum bado ni kitu unachokitoa mdomoni, na ukishaliona hilo hata "mum's the word" inanyooka, ukiulizwa kuhusu ile siri neno la kujibu ni moja tu, mm. Ukiweka mama hapo sentensi haina kichwa wala miguu, ukiweka maiti ndo kabisa, maiti haitoi hata mm.