Mheshimiwa wa kwenye sanrufu

Kabla hamjaendelea kurushiana ile picha yangu nimechomoza juu ya paa la gari, nisikilizeni na mimi. Jamaa aliyeipiga, ambaye nitamwita Shahidi kwa sababu ndivyo anavyojitambulisha siku hizi, ameshatoa ushahidi kwenye kila kundi analolijua, na kila akisimulia hadithi inanenepa. Jana shangazi kanipigia simu, ananiuliza kwa sauti ya upole kama nimeshatolewa. Nimeshatolewa, shangazi. Nilitoka siku ile ile kwa miguu yangu mwenyewe. Shati ndilo lililobaki.

Tufute uongo kwanza. Zimamoto hawakuitwa. Walitajwa tu. Sikulala mle ndani. Na sikulia. Yale machozi ni ya praima, ile dawa inayopakwa kabla ya gundi ili gundi ishike, na aliyewahi kufungua kichupa cha praima ya vioo anajua mvuke wake unavyochoma macho. Haya, tuendelee.

Gari langu mnalijua. Wengi wenu mmelipanda na wote mmeuliza swali moja: "Hivi huko juu kuna nini kinagonga?" Ni sanrufu, kile kioo cha kwenye paa kinachofunguka. Kwenye lami inanong'ona, kwenye matuta inapayuka, kwenye changarawe ndiyo usiseme, abiria na dereva tunaongea kwa kupigiana kelele na kila mtu anadhani mwenzake amekasirika. Kuna mtu humu alinishauri niongeze sauti ya redio. Anajijua. Mchango wake ulipokelewa.

Chanzo nilikichimba mwenyewe. Kile kioo kimefungwa kwenye vibebeo vinavyoteleza ndani ya reli mbili, vikisukumwa na kebo zinazoendeshwa na mota ndogo. Vibebeo vina viatu vya plastiki. Miaka inakula plastiki, grisi ya reli inakauka, raba ya pembeni inakakamaa, na kioo kinabaki na nafasi ya kucheza. Kidogo tu, milimita moja hivi, lakini milimita moja juu ya utosi wa mtu ni ngoma nzima. Nilipaka grisi ya silikoni. Nilishindilia vipande vya sponji. Nilikunja makaratasi nikayachomeka kwenye kona. Kila dawa ilifanya kazi mpaka jua lilipowaka vizuri, kisha ngoma ikarudi na wapiga ngoma wapya. Nilipoulizia viatu nikaambiwa haviuzwi peke yake, ninunue fremu nzima na reli zake. Nikashukuru, nikaondoka kabla sijasema neno.

Ndipo nikaamua kioo kisifunguke tena maisha. Kigandishwe kwenye paa moja kwa moja, habari ya reli na viatu iishe. Kwani mara ya mwisho kukifungua ilikuwa lini? Nilikifungua kumwonyesha mtu kwamba kinafunguka, tukahangaika kukifunga.

Sasa hapa naomba heshima yangu, kwa sababu Shahidi anaparuka pote hapa. Maandalizi niliyoyafanya, fundi yeyote wa vioo angenipa mkono. Nilichomoa waya wa mota, ili asitokee mtu akabonyeza swichi na kuanza kuvuta kioo kilichogandishwa. Mirija ya kutolea maji, ile minne ya kila kona, niliipitishia uzi mnene wa nailoni. Iliyotoka humo ni tope na mbawa za wadudu, na ndiyo sababu mazulia yangu yalikuwa hayakauki. Nikatoa kioo nikakilaza kwenye boneti juu ya blanketi. Nikatoa reli, kebo, makorokoro yote, likabaki tundu tupu. Nikafuta ukingo kwa spiriti, nikapaka praima kwenye bati na kwenye kioo, nikaacha ikauke. Tena silikoni ya bafuni sikuigusa, ile inayonuka siki, maana hiyo inakula chuma polepole. Nilinunua poliurethani, gundi ile ile inayoshikilia vioo vya mbele vya magari.

Gundi ile ina masharti mawili. La kwanza, mstari wake usikatike. Ukiachia halafu ukaanzia tena, penye kiungo ndipo maji yatakapopita. La pili, ukishaipaka una kama robo saa tu kabla haijaanza kufanya ngozi juu, na ikishafanya ngozi kioo hakishiki vizuri.

Gari langu limeinuka. Nikisimama mlangoni mkono haufiki ukingo wa upande wa pili, na kuzunguka na ngazi ni kukatisha mstari kila kona. Mahali pekee ambapo mtu anaweza kuchora duara lote bila kuinua mkono ni katikati ya tundu lenyewe. Hiyo ni hesabu, jamani. Mtu aipinge kwa hesabu, asiipinge kwa vikatuni.

Nikapanda.

Tundu lina kama sentimita 40 kutoka mbele kwenda nyuma. Tumbo langu sitalitajia kipimo. Nilipita nikiwa nimetoa pumzi yote, na nilipofika juu nikairudisha yote. Nikasimama juu ya siti, nusu yangu ndani, nusu yangu angani, bastola ya gundi mkononi. Nikaanzia mbele. Nikawa najigeuza taratibu, hatua ndogo ndogo, na mstari unatoka mweusi, mnene, una pembe tatu safi, umesimama sentimita nzima juu ya ukingo. Sijawahi kufanya kazi nzuri vile kwa mikono yangu. Nikamaliza nyuma, nikaja ubavuni, nikarudi mbele, na mwisho wa mstari nikauunganisha na mwanzo wake mbele ya kitovu changu.

Nikainua kichwa kumwangalia Shahidi anisifu. Yeye alikuwa ameegemea boneti pembeni ya kioo, ananitazama, halafu anatazama gundi, halafu ananitazama tena.

"Kaka," akasema, "sasa wewe unatokaje?"

Nyie. Kuna ukimya ambao mtu anausikia mara chache maishani. Nilitazama chini nikaona mstari wangu mzuri umenizunguka pande zote, unang'aa, umebakiza upana wa kidole kati yake na shati. Kuweka mikono kwenye paa nijiinue kwenda juu? Nilijaribu kuliegemea, bati likalia bonk na kubonyea. Kushuka? Ili nishuke lazima nitoe pumzi, na pumzi ilikuwa imeshaanza kwenda mbio. Halafu jasho. Poliurethani haikauki kwa joto wala kwa upepo, inagandishwa na unyevu. Inaufyonza hewani. Na mimi pale nilikuwa natiririka, yaani nilikuwa naihudumia.

Shahidi, badala ya kuja, akatoa simu.

Ndipo akapita mzee mmoja jirani, mtu wa heshima zake, mikono nyuma. Akasimama. Nami adabu niliyolelewa nayo haijui kama mtu yuko kwenye tundu ama hayuko. Nikainama kidogo nilivyoweza, bastola ikiwa juu, nikasema, "Shikamoo mzee."

"Marahaba," akajibu, amekunja uso kwa sababu ya jua, anatazama juu. "Mkutano unaanza saa ngapi?"

Watoto waliokuwa wanacheza karibu hawakuhitaji zaidi ya hapo. Mmoja akapaza sauti, "Mheshimiwa!" Wengine wakaitikia. Wakaanza kupunga mikono. Na mimi, sijui ni kitu gani kilinishika, nikapunga. Ndiyo hiyo picha mnayoiona. Mkono ule unaopunga, uso ule unaotabasamu, ni wa mtu aliyebakiza dakika chache gundi ifanye ngozi.

"Vuta tumbo, shuka wima," Shahidi akaelekeza, bila kushusha simu.

Nikatoa pumzi. Nikainua mikono yote miwili juu, bastola nayo juu, nikaanza kukunja magoti polepole sana. Mkanda ukapita. Nikapata moyo. Tumbo likaingia kwenye tundu, likapita, naapa lilipita, linatetemeka lakini linapita, na mzee akasema "Taratibu, kijana" kwa sauti ya mtu anayeongoza lori kurudi nyuma. Kisha nyuma mgongoni nikasikia kitu kidogo tu: chwap.

Pindo la shati.

Mtu akili yake ingemwambia asimame. Mimi magoti yalikuwa yameshaamua. Nikaendelea kwenda chini, shati likabaki. Likanipanda mgongoni, nikasikia upepo kiunoni. Likafika kwapani. Mbele nako likagusa, chwap ya pili, hii nzito. Sasa shati limeshikwa mbele na nyuma, mimi ni mzigo unaoning'inia ndani ya gunia, na gunia linanifunika uso. Kukawa giza. Nimekaa nusu kwenye siti nusu hewani, tumbo wazi, kichwa ndani ya shati langu mwenyewe, mikono miwili imenyooka kutoka kwenye paa, na nje sauti za watoto: "Mheshimiwa amezama! Mheshimiwa amezama!"

Na bastola. Wale mnaozitumia mnajua: ukiachia kifyatulio, gundi haiachi kutoka. Mpaka ubonyeze kile kitufe cha nyuma kulegeza fimbo. Mimi sikukibonyeza. Mkono umeinuka juu, mdomo wa bastola umeelekea chini, na gundi inashuka pole pole, inapenya kwenye kola iliyo wazi juu ya kichwa changu. Sikuiona. Niliisikia ikitua utosini. Baridi. Nzito. Ikatulia, kisha ikaja nyingine juu yake.

"Mwagieni maji!" nikamsikia mzee.

Nilipaza sauti kutoka ndani ya shati, "Si maji! Mzee wangu, maji hapana!" Nje ilisikika "maji, jamani", kwa sababu baadaye niliikuta ndoo imejaa pembeni ya tairi na mtoto mmoja anajivunia amekimbia vipi. Shahidi ndiye aliyemzuia. Hapo namshukuru, hapo tu. Alipofika kunishika alikuwa anacheka mpaka hana nguvu za kushika mkasi, na hiyo sauti ya kwikwi iliyo kwenye video si yangu, ni yake. Akakata shati kuzunguka, kipande kwa kipande, nikatoka chini yake kifua wazi.

Mengine ni mafupi. Gundi ya kwanza tuliikwangua kwa wembe, tukafuta, tukafungua bomba jipya, safari hii tukaipaka kwenye kioo kikiwa kimelala bonetini, jambo ambalo Shahidi anadai alilisema tangu mwanzo na mimi nasema hakulisema. Tukakitua, nikakisawazisha kutoka ndani, tukakibana kwa tepu. Nilikuwa katikati ya kueleza kwamba gundi ikiwa mbichi mtu asifunge mlango huku madirisha yamefungwa, maana hewa ikikosa pa kutokea inasukuma kioo juu, Shahidi akafunga mlango. Kwa nguvu. Kona moja ikainuka. Tukaikandamiza tena. Sitaki kulizungumzia hilo.

Nywele: spiriti ilikataa, mafuta yalikataa, mashine haikukataa. Msiniulize kama ni mtindo. Mikononi imebaki mabaka meusi ambayo hayaondoki mpaka ngozi ibadilike yenyewe, kwa hiyo nikikupa mkono usijifute.

Wanaouliza kama kelele imeisha: imeisha kabisa. Paa limenyamaza, na sasa nasikia kitasa cha mlango wa nyuma, kifuniko cha dashibodi, na kitu fulani chini ya siti ya abiria ambacho miaka yote hii kilikuwa kimefunikwa na ngoma ya juu. Mvua imenyesha, haijapenya hata tone. Ila ukikaa siti ya mbele ukitazama juu, upande wa kulia, ndani ya gundi kuna kifungo cha shati. Hakitoki. Kwa ndani kinaonekana vizuri sana, kina matundu manne. Abiria wanakinyooshea kidole, nami nawaambia ni cha kiwandani.

Mzee kila akipita ananiuliza kampeni zinaendeleaje. Najibu zinaendelea vizuri, mzee.

Na Shahidi, wadau, huyu mnayemwona anacheka kwenye kila kundi, jioni hii amekuja na gari lake. La kwake nalo linagonga juu. Anataka nimgandishie. Nimemkubalia, kesho asubuhi tunaanza, na bastola nimeshampa aizoee. Simu yangu iko kwenye chaji.