Eafoni, honi na boda wa Luanda

Nikiwaambia watu wa nyumbani Kenya kwamba Ufaransa mwenye pikipiki akikamatwa na eafoni masikioni anatozwa euro 135, wengi hucheka. Hizo ni karibu shilingi 20,000, na juu yake anakatwa pointi 3 kwenye leseni ambayo ikijaa ina pointi 12. Mimi sicheki. Naishi Strasbourg, kazini naenda kwa piki, na msimamo wangu ni kwamba sheria hiyo ingefaa zaidi kwenye barabara ya Kisumu–Busia kuliko huku ilikotungwa.

Kwanza sheria yenyewe, maana nimesikia ikisimuliwa kwa chumvi nyingi. Ilianza kutumika Julai 1, 2015. Inamkataza dereva wa gari, mwenye pikipiki na hata mwenye baiskeli kuvaa sikioni kifaa chochote kinachoweza kutoa sauti. Muziki, simu ya bosi, mahubiri, yote sawa. Sikio moja au mawili, yote sawa. Wanaotumia vifaa vya kuwasaidia kusikia wameachwa. Spika zilizofungwa ndani ya helmeti zisizogusa sikio pia zimeachwa, ndiyo maana utaona Wafaransa wawili kwenye pikipiki mbili wakipiga gumzo helmeti kwa helmeti na askari anawatazama tu.

Kuna mwanya mwingine ambao ulinichekesha. Wakati wa kujifunza pikipiki, mwalimu anakufuata nyuma na gari, na sauti yake inakujia kupitia kifaa sikioni: punguza mwendo, angalia kioo, kata kushoto. Sheria inaruhusu hilo kwa mafunzo na kwa mtihani wa barabarani. Ukishapata leseni, kifaa kile kile kinakuwa kosa. Yaani ukiwa hujui kuendesha unaruhusiwa kuzibwa sikio, ukijua unakatazwa. Nilimwambia mwalimu hivyo, hakucheka.

Strasbourg iko mpakani. Ukivuka daraja la mto Rhine uko Kehl, Ujerumani, na sheria inabadilika katikati ya maji. Wajerumani hawakatazi eafoni moja kwa moja. Wanasema dereva ahakikishe kwamba vifaa vyake havimzuii kusikia. Kwenye karatasi napenda hiyo ya Wajerumani, kwa sababu inamchukulia mtu kama mwenye akili timamu. Lakini hebu ilete nyumbani. Askari wa trafiki amekusimamisha, anadai muziki ulikuwa juu, wewe unadai ulikuwa chini. Nani atapima? Mtapimana kwa mfuko, na sote tunajua nani anashinda hapo. Eafoni ama iko sikioni ama haiko. Sheria ambayo haina cha kubishania haina cha kuombea hongo, na kwa nchi yetu hiyo ni sifa kubwa kuliko busara yote ya Kijerumani.

Sasa honi. Mjini Ufaransa kupiga honi ni kosa, isipokuwa kuna hatari ya papo hapo. Naweza kupita siku nzima Strasbourg bila kusikia hata moja. Barabara ni kimya, kila piki ina vioo, mistari imechorwa, tramu ina njia yake. Masikio hapo yana kazi ndogo, na bado waliona yasizibwe. Nyumbani je? Kutoka Kisumu mpaka Luanda, mji wetu wa Vihiga kwenye barabara hiyo ya Busia, utapigiwa honi na matatu inayotafuta abiria, lori linaloomba njia, boda mwenzako anayekusalimia, na yule anayekupita upande usiotarajia. Piki nyingi hazina vioo. Viliondolewa ili zisibanwe kwenye msongamano, au vilivunjika na havikununuliwa vingine. Asiye na kioo hutazama nyuma kwa masikio. Akiyaziba, nyuma yake hakuna kitu kabisa, na huyo ndiye tunampa watoto awapeleke shule.

Binamu yangu ni boda pale Luanda. Nilipokuwa nyumbani alinibeba kwenda Maseno. Eafoni moja ilikuwa sikio la kulia, na upande wa kushoto alikuwa ameisukumiza simu ndani ya helmeti, ikabanwa kati ya sifongo na shavu, kioo chake kikiwaka kwenye ndevu. Simu ikaita. Akajibu bila kugusa chochote, akapanga bei ya kumfuata mteja sokoni, mkono mmoja ukiwa hewani kana kwamba mteja anamwona. Lori lilipiga honi nyuma yetu mara mbili. Mimi ndiye niliyeligusa bega lake. Akasogea pembeni kwa ustadi wa kushangaza, nakiri, bila kukatiza mazungumzo.

Tuliposhuka nikamwambia Ufaransa angelipa euro 135. Akaniangalia kama mtu aliyerudi na lugha mpya. “Sista, huko unaendesha kwenda kazini. Mimi hii ndiyo kazi. Simu nikikosa, mwenzangu anaibeba.”

Na hapo ana hoja, siwezi kujifanya hana. Mfaransa akizima simu nusu saa hapotezi chakula. Boda anayepigiwa na wateja wake wa kila siku, mama wa duka, mwalimu, mgonjwa wa kupelekwa kliniki, akikosa simu tatu asubuhi ameshapoteza pesa ya mafuta. Ndiyo maana siungani na wale wa ughaibuni wanaotaka tuchukue sheria za huku kama zilivyo na faini zake. Shilingi 20,000 kwa boda ni kumnyang'anya piki.

Ila hoja yake ni ya kupokea simu, na kupokea simu hakuhitaji uwe mwendoni. Kusimama kando ya barabara ni sekunde chache. Mteja anayetaka kubebwa atangoja mlio mara tano. Na zile eafoni za muziki tu, ambazo ndizo nyingi, hazina mteja ndani.

Jambo moja tunalikosea sana nyumbani. Tunalalamikia boda wenye spika kubwa, wale wanaopita Kondele, pale Kisumu, na muziki wa ohangla mpaka madirisha yanatetemeka. Ni kero kweli, hasa usiku. Lakini huyo mwenye spika angalau unamsikia akija, na honi kubwa kiasi bado inamfikia. Wa kuogopwa ni yule mtulivu, mwenye waya mweupe unaoingia chini ya helmeti. Ufaransa imemwona huyo. Sisi bado tunamwita boda mwenye heshima kwa sababu hapigi kelele.

Sheria yetu ya trafiki inamtaka mwenye piki avae helmeti na jaketi la kuakisi mwanga, na orodha ya faini za papo hapo ya 2016 inataja shilingi 2,000 kwa dereva anayetumia simu gari likiwa mwendoni. Eafoni haimo. Sidhani tungoje Nairobi waiongeze. Steji, yaani vituo vya boda, zina mwenyekiti, zina daftari na faini zao za ndani. Anayeruka foleni analipa, anayekuja mlevi anasimamishwa, na hakuna anayeenda mahakamani. Shilingi mia kwa eafoni yenye abiria mgongoni ingefanya kazi kuliko gazeti lote la serikali. Na abiria pia tuna mdomo. Kabla ya kupanda tunabishania shilingi kumi ya nauli kwa dakika mbili, kumwambia mtu atoe kitu sikioni tunaona aibu.

Binamu hajakubali. Tumefika tu mahali hapa: akimbeba mama yangu kwenda kanisani, eafoni inakaa mfukoni, kwa sababu mama amesema asipofanya hivyo atapanda ya jirani.