Barabara za zege: wapi tuzijenge, wapi tusizijenge

Wilayani Ludewa, mkoani Njombe, kuna kipande cha kilomita 50 kati ya Lusitu na Mawengi ambacho serikali iliamua kukijenga kwa zege badala ya lami. Ni sehemu ya barabara ya Itoni–Ludewa–Manda, inayotoka nyanda za juu na kushuka hadi Ziwa Nyasa. Anayeijua Ludewa anajua sababu bila kuambiwa: miteremko mikali, ukungu, mvua nyingi na udongo unaogeuka utelezi mara moja. Juu ya hayo kuna makaa ya mawe ya Mchuchuma na chuma cha Liganga, mali ambayo siku ikianza kusafirishwa kwa wingi itahitaji malori mazito. Kipande hicho sasa ni hoja ya kila anayetaka nchi iachane na lami. Mimi nakubaliana na uamuzi wa Ludewa. Nisichokubali ni kuurukia kila mahali, kwamba basi barabara kuu zote zijengwe hivyo.

Tofauti ya msingi iko katika namna ya kubeba mzigo. Barabara ya lami hunepa: gurudumu likipita inabonyea kidogo na kurudi, na uzito unashuka tabaka kwa tabaka hadi kwenye udongo, kwa hiyo nguvu yake kubwa iko chini, kwenye kifusi na kokoto zilizoshindiliwa. Bamba la zege lenye unene wa sentimita 20 hadi 30 ni gumu. Huutandaza mzigo kwenye eneo kubwa, na udongo wa chini hauelemewi mahali pamoja. Tena lami hulainika kwa joto, na jua la Dar es Salaam au Dodoma linaweza kuufikisha uso wa barabara zaidi ya nyuzi 50. Lori linalopanda mlima taratibu huikandamiza lami hiyo iliyolainika kwa muda mrefu kuliko linalopita mbio tambarare. Ndiyo maana mibonyeo ya magurudumu huonekana kwanza kwenye miinuko, kwenye taa za kuongozea magari na karibu na mizani.

Waliosanifu njia za mabasi ya mwendokasi Dar es Salaam walilielewa hilo. Njia za awamu ya kwanza, kutoka Kimara hadi Kivukoni pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani, ambazo mabasi yalianza kuzitumia mwaka 2016, ni za zege. Za awamu ya pili kwenda Mbagala nazo ni hivyo hivyo. Basi refu lililojaa abiria hupita pale pale maelfu ya mara na kufunga breki kwenye kituo kile kile. Dizeli inayodondoka vituoni huila lami, lakini haiwezi kuila zege. Mahali kama hapo sioni cha kubishania.

Hoja nyingine ya watetezi wa zege ni uzito wa malori, na hesabu yake inatisha. Majaribio makubwa yaliyofanywa Ottawa, jimboni Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kwamba uharibifu wa barabara hupanda takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli, yaani mhimili unaobeba magurudumu ya pande mbili. Ekseli ya tani 12 ikipita mahali palipokusudiwa tani 10, uzito umezidi kwa asilimia 20 tu, lakini uharibifu umezidi mara mbili. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito wa magari, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza mwaka 2019, inaweka kikomo cha tani 56 kwa gari zima, na mizani kama ya Vigwaza na Makambako ipo kwa ajili hiyo. Bamba nene husamehe zaidi, kwa kuwa kuongeza sentimita chache za unene huongeza uwezo wake kuliko inavyoongeza bei. Hofu yangu ni kwamba hoja hiyo itageuka kisingizio cha kulegeza mizani. Bamba lililosanifiwa kwa tani 10 likibebeshwa 15 nalo hupasuka, na likishapasuka halizibwi kwa kiraka cha asubuhi moja.

Kwenye fedha ndiko mjadala unakoharibika, kwa sababu kila upande huchagua mwaka wa kuanzia kuhesabu. Mpenzi wa lami hutaja bei ya kilomita siku ya kusaini mkataba, na hapo zege kwa kawaida hushindwa. Mpenzi wa zege hutaja miaka 30 au 40 ambayo bamba lililojengwa vizuri huishi, dhidi ya miaka 15 hadi 20 ya usanifu wa lami. Wote wanasema kweli. Kinachoamua mshindi mara nyingi ni namba ambayo mwananchi haioni: asilimia inayotumika kupunguza thamani ya fedha za miaka ijayo. Wakopeshaji wa maendeleo kwa muda mrefu wamezoea asilimia 10 hadi 12. Kwa asilimia 12, shilingi 100 za matengenezo zitakazookolewa miaka 20 ijayo huhesabiwa leo kama shilingi 10 hivi. Kwa asilimia 6, shilingi 100 hizo hizo huhesabiwa kama 31. Udongo ni ule ule na malori ni yale yale, lakini badilisha namba moja mezani na zege iliyoonekana anasa inaanza kuonekana nafuu. Ningetamani kila mbunge anayejadili bajeti ya ujenzi aiulize namba hiyo kabla ya kuuliza lolote jingine.

Kuna pia suala la dola. Lami hutokana na mafuta ghafi, na ukanda wetu hausafishi mafuta: kiwanda cha Mombasa kilisimama mwaka 2013, na cha Dar es Salaam kilikuwa kimeacha kazi hiyo miaka mingi kabla. Lami yote inanunuliwa nje. Saruji tunaizalisha wenyewe Wazo Hill, Tanga, Mbeya, na Mtwara ambako kiwanda cha Dangote kilifunguliwa mwaka 2015. Mwaka ambao dola ni adimu, tofauti hiyo si ndogo.

Upande wa pili hausemwi kwa uzito unaostahili. Zege hutanuka kwa joto na kunywea inapokauka, kwa hiyo itapasuka hata kabla gari la kwanza halijapita. Kazi ya mhandisi ni kuamua ipasukie wapi. Kila baada ya mita 4 au 5 msumeno hukata mfereji mwembamba wenye kina cha robo au theluthi ya unene, saa chache tu baada ya zege kumwagwa. Ukisubiri hadi kesho yake, ufa umekwisha kujichagulia njia. Kwenye maungio hayo nondo laini hulazwa katikati ya unene, zikiwa zimenyooka kufuata barabara, ili bamba moja likabidhi mzigo kwa jingine gurudumu linapovuka. Nondo zikikaa mshazari, bamba hushindwa kutanuka na kunywea kwa uhuru, na zege ya kwenye maungio huanza kuvunjika. Baada ya hapo zege inataka kumwagiliwa au kufunikwa isipoteze maji kwa angalau siku saba. Nani hajaona mafundi wakiongeza maji kwenye mchanganyiko ili umwagike kirahisi, kisha wakaliacha bamba likaukie juani? Kwenye nyumba kosa hilo hufichwa na plasta. Barabarani hufichuliwa na lori, pengine baada ya muda wa uangalizi wa mkandarasi kwisha.

Ardhi nayo ina maneno yake. Udongo mweusi wa mbuga, ule wa Shinyanga na sehemu nyingi za Kanda ya Ziwa, huvimba masika na kupasuka kiangazi. Lami huweza kuufuata mwendo huo kwa kiasi fulani. Bamba gumu hubaki likining'inia juu ya uwazi mpaka linavunjika, isipokuwa udongo huo umeondolewa au umetibiwa kwanza, na kazi hiyo ina gharama ambayo watetezi wa zege husahau kuitaja. Mijini kuna mabomba ya maji na nyaya za intaneti zinazokuja baada ya barabara kukamilika. Lami hukatwa na kuzibwa kwa siku moja. Zege ikikatwa, kiraka chake kinahitaji siku kadhaa kupata nguvu, au saruji maalumu ya bei ya juu, huku foleni ikisubiri.

Hapo ndipo naona kiini cha suala. Lami hudai nidhamu kidogo kidogo kwa miaka 20: kuziba nyufa mapema, kuzibua mitaro, kuweka tabaka jipya kabla maji hayajafika chini. Zege hudai sehemu kubwa ya nidhamu hiyo katika siku za kuimwaga. TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa, inatunza zaidi ya kilomita 36,000, na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, zaidi ya 144,000, na Mfuko wa Barabara, unaotegemea tozo ya mafuta, haufikii mahitaji yote ya mtandao mkubwa hivyo. Nchi ambayo matengenezo yake huchelewa ina sababu nzito ya kununua uimara mapema. Ila usimamizi wa ujenzi ukiwa dhaifu, tutalipa bei ya zege na kupata maisha ya lami, bila ule urahisi wa kukarabati. Nikipima hayo mawili, naegemea upande wa zege kwa barabara chache zenye mzigo mkubwa, kwa sababu naamini ni rahisi zaidi kuusimamia mradi mmoja kwa miaka mitatu kuliko kuhakikisha bajeti ya matengenezo inafika kwa wakati miaka 30 mfululizo.

Ila nisingependa zege iuzwe kama kinga ya mafuriko. Jangwani, jijini Dar es Salaam, ndiyo fundisho letu. Njia ya mwendokasi pale ni ya zege, na bado barabara imefungwa mara nyingi kwa sababu Mto Msimbazi hujaa mchanga na tope na kufurika juu yake. Dawa iliyochaguliwa ni kuliinua daraja na kuutengeneza mto wenyewe, kupitia mradi wa Bonde la Msimbazi unaofadhiliwa na Benki ya Dunia. Mei 2024, baada ya Kimbunga Hidaya, mawasiliano ya barabara kuelekea Lindi na Mtwara yalikatika maeneo ya Somanga, wilayani Kilwa. Kilichosombwa kilikuwa matuta ya udongo yanayobeba barabara kwenye makalavati na madaraja, ambako maji yalikosa njia ya kutosha. Ungeweka juu yake bamba la sentimita 30 na lingebaki limening'inia hewani. Ni kweli kwamba barabara ya zege iliyofunikwa na maji kwa siku mbili hurudi kazini haraka, huku ya lami ikitoka na mashimo, na hiyo ni faida ya kweli kwa maeneo tambarare yanayotuamisha maji. Lakini shilingi ya kwanza ya kuikinga barabara na mvua kubwa iende kwenye kalavati pana na mtaro uliojengewa.

Kuhusu mazingira sitakaa sana. Viwanda vya saruji hutoa karibu asilimia 8 ya hewa ukaa inayotokana na shughuli za binadamu duniani, kwa kuwa chokaa huchomwa hadi nyuzi 1,450 na yenyewe hutoa gesi hiyo inapochomwa. Kuchanganya majivu ya volkano, ambayo Mbeya na kaskazini mwa nchi tunayo, hupunguza sehemu ya mzigo huo na huipa zege uimara zaidi baadaye. Hilo liwe sharti la zabuni.

Nigeria imetutangulia katika mjadala huu na inafaa kuitazama kwa makini. David Umahi, aliyejenga barabara za zege alipokuwa gavana wa Ebonyi, alipopewa wizara ya ujenzi mwaka 2023 aliwasukuma wakandarasi wahamie huko. Wengi walilalamika kwamba hawana mitambo na mikataba yao ilikuwa imeshapangiwa bei ya lami. Kabla yake, kampuni ya Dangote ilikuwa imejenga kwa zege barabara ya Obajana–Kabba, kilomita 43, kwa mpango ambao gharama za ujenzi hupunguzwa kwenye kodi ambayo kampuni ingelipa. Barabara hiyo inahudumia eneo la kiwanda chake. Sioni ubaya wa mzalishaji wa saruji kujenga barabara ya zege, ila ushauri wa tabaka lipi linafaa usitoke kwake, kama ambavyo usitoke kwa muuza lami.

Barabara za vijijini zina njia ya tatu ambayo naipenda kuliko zote. Katika majaribio yaliyofanywa Bago–Talawanda, Bagamoyo, na Lawate–Kibong'oto, Siha, zilijengwa miongoni mwa mengine njia mbili nyembamba za zege, moja kwa kila upande wa magurudumu, kwenye sehemu korofi. Mwanza, kwenye vilima vya mjini, mitaa imejengwa kwa mawe yaliyopangwa kwa mikono ya vijana wa pale pale. Kilima kimoja chenye utelezi kikitengenezwa hivyo, mama mjamzito anafika kituo cha afya masika yote, hata kama kilomita tano zilizobaki ni za changarawe.

Kwa barabara kuu, orodha yangu ya zege ni fupi: miinuko mikali inayopandwa na malori, njia na vituo vya mabasi ya mwendokasi, barabara za kuingia bandarini, maeneo ya mizani na sehemu tambarare zinazofunikwa na maji kila masika. Kwingineko zabuni ziitishwe kwa aina zote mbili, kila moja na gharama zake za miaka 40, na ile asilimia ya kupunguzia thamani iandikwe wazi. Mkandarasi wa zege atoboe sampuli kwenye mabamba yake mbele ya mkaguzi asiyelipwa naye, unene na nguvu vipimwe, na matokeo yabandikwe ofisi ya mkuu wa wilaya kabla malipo ya mwisho hayajatoka.