Mechi ya kwanza ya Roki Sasaki: mirusho 56 inatuambia nini?

Tarehe 19 Machi 2025, katika uwanja wa Tokyo Dome, Roki Sasaki alipanda kwenye kituta cha mrushaji kwa mara ya kwanza katika Ligi Kuu ya Besiboli ya Marekani. Alikuwa na miaka 23, amevaa jezi ya Los Angeles Dodgers, mbele ya Chicago Cubs. Alirusha kwa iningi 3, yaani vipindi vitatu kati ya tisa vya mechi. Aliruhusu pigo 1 na pointi 1, akawatoa wapigaji 3 kwa straiki (mrusho unaopita eneo halali la kupigwa au ambao mpigaji anaukosa; tatu humtoa), na akatoa woki 5, yaani mara tano mpigaji alikwenda bezi ya kwanza bila kupiga kwa sababu mirusho minne ilitoka nje ya eneo la straiki. Dodgers walishinda 6-3.

Anayetazama ubao wa matokeo ataona pointi moja katika iningi tatu na kuridhika. Anayehesabu mirusho hawezi kuridhika. Kati ya mirusho 56, straiki zilikuwa 25 tu. Mrushaji wa kawaida wa ligi hii hupata straiki zaidi kidogo ya 60 katika kila mirusho 100, kwa hiyo mirusho 56 ingepaswa kumpa kama 35. Sasaki alipungukiwa na straiki kumi hivi ndani ya iningi tatu, na hilo ni pengo kubwa.

Tangu siku hiyo wapenzi wa mchezo huu wamegawanyika. Upande mmoja unasema kijana alizidiwa na hali: uwanja umejaa, nchi nzima inatazama, ligi mpya, mpira mpya. Mpe muda, atatulia. Upande wa pili unasema Dodgers walimharakisha, kwamba mahali pake palikuwa ligi ndogo, kwenye timu yao ya Oklahoma City, mpaka aonyeshe kwamba anaweza kulenga. Kila upande una hoja nzito, na tutazipima. Lakini pande zote mbili zilitumia muda mwingi kuuzungumzia moyo wa kijana, ilhali dalili zilizokuja kumgharimu zilikuwa begani mwake na katika mpira wenyewe.

Tuanze na wanaomtetea, maana ushahidi wao si mdogo. Sasaki hakuwa kijana wa kubahatisha. Tarehe 10 Aprili 2022, akiwa na miaka 20 na timu ya Chiba Lotte Marines, alirusha mechi kamili dhidi ya Orix Buffaloes: wapigaji 27 walikuja, 27 wakatoka, 19 kati yao kwa straiki, wakiwemo 13 mfululizo. Katika mazoezi ya msimu wa 2025 kule Arizona alirusha iningi 7 bila kuruhusu pointi. Pale Tokyo penyewe iningi ya kwanza ilikwenda watu watatu, nje watatu, na mpira wake ulipita kilomita 161 kwa saa. Mrushaji aliyepoteza kila kitu haanzi hivyo.

Mazingira nayo yalikuwa yamebadilika kwa namna ambayo mtazamaji wa mbali haioni. Mpira wa Marekani huteleza zaidi na ni mkubwa kidogo mkononi kuliko ule wa Japani. Ndiyo maana kabla ya kila mechi mipira husuguliwa kwa tope maalumu kutoka kingo za kijito cha mto Delaware, ili ngozi ipate ukwaruzo. Mrushaji wa mpira wa kasi tu anaweza kuizoea tofauti hiyo upesi. Sasaki hutegemea splita: mpira unaobanwa ndani kabisa kati ya kidole cha shahada na cha kati, unatoka mkononi ukizunguka kidogo sana, kisha unadondoka ghafla mbele ya mpigaji. Ukiteleza mapema kidogo tu, hauanguki tena; unaelea juu na kuwa boli ya wazi, yaani mrusho ulio nje ya eneo la straiki. Ukibanwa kwa hofu ya kuteleza, unachelewa kutoka na kugonga udongo mbele ya bamba anaposimama mpigaji. Mpigaji mzoefu akishagundua kwamba splita haiingii katika eneo la straiki, anaacha kuizungushia gongo na kusubiri mpira wa kasi. Hapo mrushaji anabaki na silaha moja.

Kuna pia saa. Marekani mrushaji ana sekunde 15 kuanza mrusho bezi zikiwa tupu, na sekunde 18 zikiwa na mtu. Japani aliyotoka haikuwa na saa hiyo. Na kuna ratiba: kule alizoea kurusha takriban mara moja kwa wiki, wakati Marekani mzunguko wa kawaida ni siku tano. Dodgers walijua hilo, wakawapa warushaji wao nafasi zaidi ya kupumzika.

Sasa tazama iningi ya tatu, maana ndiyo iliyozaa mjadala wote. Mpigaji mmoja alifika bezi ya kwanza kwa pigo dogo ambalo halikutoka hata eneo la ndani. Kisha zikaja woki tatu mfululizo, kwa Ian Happ, Seiya Suzuki na Kyle Tucker. Ile ya tatu ilimsukuma mtu kutoka bezi ya tatu hadi nyumbani, pointi ya bure kabisa. Bezi zote zikabaki zimejaa na mtu mmoja tu nje. Sasaki akawatoa Michael Busch na Matt Shaw kwa straiki, iningi ikafungwa. Wanaomtetea huonyesha straiki zile mbili za mwisho kama ushahidi wa ujasiri, nami nakubali. Mtu aliyevunjika moyo hawatoi wapigaji wawili wa ligi kuu bezi zikiwa zimejaa. Lakini kwa sababu hiyo hiyo, maelezo ya woga yanapungua nguvu. Kama moyo ulikuwa imara, woki tano zilitoka wapi?

Hapa wa upande wa pili wanapata nafasi ya kusema. Siku kumi baadaye, tarehe 29 Machi, Sasaki alirusha mbele ya mashabiki wa nyumbani Los Angeles dhidi ya Detroit Tigers. Hakumaliza hata iningi ya pili: mirusho 61, woki 4, pointi 2, kisha kocha Dave Roberts akamtoa. Mechi mbili, chini ya iningi tano, woki 9. Mtu akiteleza mara moja unaweza kulaumu uwanja wa Tokyo. Akiteleza tena kwenye uwanja mwingine, chunguza kiatu.

Wanaotaka kijana ashushwe ligi ndogo hutaja mfano ulio bora kuliko yote, nao ni Roy Halladay wa Toronto. Katika mechi yake ya pili tu ya ligi kuu, mwaka 1998, alibakiza mtu mmoja kumaliza mechi bila kuruhusu pigo lolote. Watu wakamwona nyota. Mwaka 2000 akaruhusu wastani wa pointi 10.64 kwa kila iningi tisa, balaa tupu. Mwaka 2001 Toronto wakamteremsha hadi Dunedin, ngazi ya chini sana, kisha kocha Mel Queen akambadilisha pembe ya mkono ili mpira usitoke juu moja kwa moja na kunyooka. Mwaka 2003 akashinda tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora wa ligi, na mwaka 2010 akashinda tena. Hakuponywa na maneno ya kutia moyo. Alirekebishwa mkono mahali ambapo matokeo hayakuwa na uzito.

Mfano wa kinyume ni David Clyde. Mwaka 1973 Texas Rangers walimtoa shule ya sekondari, miaka 18, wakampandisha moja kwa moja ligi kuu kwa sababu timu ilihitaji watu wanunue tiketi. Mechi yake ya kwanza alishinda: iningi 5, pigo 1, watu 8 nje kwa straiki. Uwanja ulifurika. Woki zilikuwa 7, na katika shangwe ile hakuna aliyetaka kuzisikia. Alimaliza maisha yake ya ligi kuu akiwa ameshinda mechi 18 na kushindwa 33. Mpango wa awali ulikuwa arushe mechi mbili kisha apelekwe ligi ndogo, lakini mapato ya mlangoni yaliufuta.

Dodgers hawakuwa na kisingizio cha fedha cha kumbakisha juu. Kwa kuwa Sasaki alihama kabla ya kutimiza miaka 25, kanuni zilimhesabu kama mchezaji wa kigeni asiye na uzoefu: alipata bonasi ya dola milioni 6.5 na mkataba wa ligi ndogo. Yoshinobu Yamamoto, aliyehama akiwa na miaka 25, alipewa dola milioni 325 na klabu hiyo hiyo. Kumshusha Sasaki kungekuwa rahisi kikanuni. Vijana wengine huanzia chini kabisa bila mjadala. Ben Serunkuma na Umar Male wa Uganda, ambao Dodgers waliwasajili mwaka 2022, walipaswa kuanza ngazi ya mwanzo kama kila mwanafunzi wa mchezo huu. Sasaki aliruka ngazi zote kwa sababu alikuwa amecheza misimu minne katika ligi ngumu ya Japani, na hoja hiyo ni halali. Ligi ya Japani si ligi ya watoto.

Hata hivyo kuna namba ambayo ilikuwepo kabla ya Tokyo, na watetezi wake waliipita haraka. Katika msimu wake wa mwisho Japani, 2024, kasi ya mpira wake ilishuka. Aliendelea kushinda, akawatoa watu 129 kwa straiki katika iningi 111, kwa hiyo wachache walijali. Mrushaji kijana anayepoteza kasi bila sababu iliyotajwa ana moja ya mambo mawili: mwendo wa mwili umeharibika au kuna maumivu. Mara nyingi moja huleta jingine. Nguvu ya mrusho huanzia mguu wa nyuma, inapita nyongani, kiwiliwili, bega, kisha mkono. Nyonga ikifunguka mapema, bega la mbele nalo hufunguka, mkono unabaki nyuma ukivutwa. Kwa mrushaji wa mkono wa kulia, mpira huo hupaa juu upande wa mkono wake. Akijaribu kuuvuta kwa nguvu ili urudi, unadondoka chini upande wa pili. Wakati huo bega linafanya kazi ambayo miguu iliacha.

Yaliyofuata yalikwenda njia hiyo. Wastani wa mpira wake wa kasi uliteremka hadi karibu kilomita 155 kwa saa. Tarehe 9 Mei dhidi ya Arizona ulishuka zaidi, chini ya 153, na hakumtoa mpigaji hata mmoja kwa straiki. Siku chache baadaye aliwekwa kwenye orodha ya majeruhi kwa tatizo la bega la kulia. Hesabu yake ilisimama hapo: mechi 8, iningi 34 na theluthi moja, woki 22, watu 24 nje kwa straiki, pointi 4.72 kwa kila iningi tisa. Kutoka zaidi ya straiki 10 kwa iningi tisa kule Japani, alikuwa ameshuka hadi 6.

Kwa hiyo nani alikuwa sahihi? Waliosema kipaji ni cha kweli walikuwa sahihi, na walithibitishwa mwaka huo huo. Alirudi mwishoni mwa Septemba baada ya kufanya kazi na Rob Hill, mkuu wa warushaji wa klabu, ya kurekebisha mwendo wa mwili. Kasi ikarudi kilomita 160. Oktoba, katika mechi za mtoano, akatumika kufunga mechi, yaani kurusha iningi za mwisho: iningi 10 na theluthi mbili, pointi 1 tu, na katika mechi 3 akaulinda uongozi wa timu hadi mwisho. Dhidi ya Philadelphia, mechi ya nne, aliingia iningi ya 8 na kuwatoa watu tisa mfululizo. Dodgers wakachukua ubingwa.

Lakini waliosema aondolewe jukwaani kwanza walikuwa sahihi zaidi, hata kama sababu waliyoitoa ilikuwa changa. Marekebisho hayakutokea kwenye kituta cha ligi kuu. Yalitokea alipokaa nje miezi minne, mahali ambapo hakuna aliyehesabu ushindi. Laiti yangefanyika Aprili, pengine bega lingepumzika kabla halijalazimishwa kupumzika. Mzazi au kocha wa mrushaji kijana popote pale aliangalie hilo kwa makini: woki zikiongezeka na kasi ikishuka kwa pamoja, mpime bega na mwendo kabla hujamwambia atulie.

Pia Oktoba isitumike kufuta Machi. Mfungaji wa mechi hukutana na kila mpigaji mara moja, kwa hiyo mpira wa kasi na splita vinamtosha. Mrushaji wa kuanza mechi hukutana na mpigaji yule yule mara mbili, hata tatu, katika jioni moja. Anahitaji silaha ya tatu ambayo anaweza kuiingiza kwenye eneo la straiki akiwa nyuma kwa boli mbili. Slaida yake ya 2025, mrusho unaopinda pembeni, haikuaminika kiasi hicho. Anapoanza mechi, usikimbilie kuhesabu pointi za usiku wa kwanza. Hesabu mrusho wa kwanza kwa kila mpigaji: ukiingia kwa wapigaji 6 kati ya 10, ana nafasi. Kisha linganisha kasi ya iningi ya kwanza na ya nne. Ikishuka zaidi ya kilomita 3, mtoe hata kama hajaruhusu pointi.