Ndevu za Mzee wa Watu

Kabla hamjaendelea kunitumia vikaragosi vya kucheka, niseme hivi: hakuna ndevu iliyong'oka. Hata moja. Mwenzangu tunayemwita Redio amewadanganya. Mnaosoma naye mnamjua, shoga yangu huyu akiona paka Ubungo, habari ikifika Mbagala ni chui. Ile sauti aliyoirusha kwenye grupu la darasa, eti nimemng'oa mzee ndevu hospitalini, ina ukweli robo tu. Sasa hiyo robo ndiyo inayonikosesha usingizi, kwa hiyo bora niisimulie mwenyewe.

Niko fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, kitengo cha fiziotherapia, tiba ya viungo. Hospitali siitaji, msinitafutie balaa. Kwa msiojua, mwanafunzi wa fildi ni msaidizi wa kila mtu. Mtaalamu ndiye anayempima mgonjwa na kupanga tiba, sisi tunatekeleza: kushika mkanda wa kiunoni ili mgonjwa asianguke anapojifunza kutembea, kuhakikisha breki za kiti cha magurudumu zimefungwa kabla hajainuka, kuhesabu "inua, shusha, inua, shusha" mpaka unalala ukihesabu. Mtaani wanatuita wachuaji. Shangazi yangu anaamini nasomea masaji, kila sikukuu ananiletea mgongo wake. Nimeshazoea.

Basi akaletwa bibi mmoja kutoka Tandika. Kiharusi kilimpiga upande wa kulia. Amepata nafuu nzuri, mdomo ndio kabisa haukuguswa, ila akitembea unyayo haunyanyuki. Kidole gumba kinakwaruza sakafu, ndala inabaki nyuma. Kwenye mpango wake wa tiba msimamizi aliandika kimashine cha umeme cha kuamsha misuli. Unabandika pedi mbili, moja chini kidogo ya goti upande wa nje, pale mshipa wa fahamu unapopita karibu na ngozi, nyingine kwenye nyama ya mbele ya ugoko. Umeme mdogo unapita, msuli unajikaza, unyayo unainuka wenyewe. Tulikitegesha kikaze kwa sekunde 10, kiachie kwa 20, kikaze tena. Hizo sekunde 10 naomba mnishikie, tutazirudia.

Nikaanza na maswali ya lazima. "Bibi, umewekewa kifaa cha moyo?" Hapana. "Una kifafa?" Hapana. "Una ujauzito?" Bibi akageuka kumtazama mumewe, akamtazama muda mrefu, kisha akaniambia, "Muulize yeye."

Mpaka hapo nilikuwa napendwa.

Aliposikia neno umeme, akagoma. "Jirani yetu alikufa na waya, leo mnibandike mguuni? Nirudisheni kwangu." Msimamizi alikuwa ameitwa wodini. Mimi na kimbelembele changu nikasema basi nitajibandika mwenyewe, aone. Na msinicheke, ndivyo tulivyofundishwa: mgonjwa akiogopa, mwonyeshe kwako kwanza. Kujibandika hakukuwa tatizo. Tatizo ni nani alikaa kwenye kitufe cha kuongeza na kupunguza. Redio. Hilo kwenye sauti yake hamkulisikia, eti?

Nikavuta kiti, nikalaza mkono wa kulia mezani kiganja kikiangalia juu, pedi nikaziweka upande wa ndani, chini ya kiwiko. Nyama za pale ndizo zinazokunja vidole. Mkono wa kushoto nikampa bibi aushike, ajipe moyo. Upigeni hesabu mkao huo: mkono mmoja una umeme, mwingine una bibi.

Na mumewe yupo pembeni. Mzee wa heshima zake, kanzu imenyooshwa, kofia ya viua, tasbihi mkononi. Na ndevu. Wallahi nimeona ndevu, lakini zile! Nyeupe pe, zimechanwa, zimepakwa mafuta, zinanukia udi, zimeteremka mpaka katikati ya kifua. Tangu waingie, zaidi ya kuitikia shikamoo yangu hakutamka neno.

Redio akapandisha kidogo, vidole vikacheza. "Mnaona? Inatekenya tu." Akapandisha tena, vidole vikajikunja taratibu, vikakaa, vikafunguka. Bibi akasema "Hee!" akaanza kucheka. Kichwa kikanivimba. Nikajiona tayari nimevaa koti jeupe, nina ofisi yangu na feni yangu. Nikageukia upande wa pili nikasema, "Baba, sogea uone, mkono huu siukunji mimi."

Nilimwita mwenyewe. Kwa mdomo wangu.

Mzee akainuka, miwani hana. Akainama kutafuta waya unaingilia wapi, hakuuona, akainama zaidi. Ndevu zikatangulia. Zikatua kiganjani mwangu, laini, zina ubaridi wa mafuta. Nikazitazama. Nikakumbuka zile 20 zinaisha. Nikafungua kinywa niseme, "Baba, rudi nyu..."

Kidole cha mwisho kikaanza. Halafu cha pete. Mashine hizi hazikurupuki, zinapanda polepole ili mgonjwa asishtuke, kwa hiyo nilipata wasaa wa kukishuhudia kila kidole kikizama ndevuni kwa zamu yake. Cha kati. Cha shahada. Gumba likaja kufunga mlango. Ngumi ikakamilika, na ndani ya ngumi yupo mzee wa watu.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliinua macho tu, uso kwa uso, shibiri moja katikati yetu, akaniuliza kwa upole kabisa, "Binti, nimekukosea nini?"

"Baba, si mimi, ni msuli!"

"Msuli wa nani?"

Nikakosa jibu. Ni wangu.

Nikavuta mkono wa kushoto nibandue pedi. Haukuja. Bibi kaung'ang'ania kwa ule mkono wake mzima, na anayedhani mgonjwa wa kiharusi hana nguvu aje akamatwe na upande uliosalimika. "Mwachie mume wangu!"

"Niachie mkono nimwachie, bibi!"

"Mwachie kwanza, ndiyo nikuachie!"

Wafuasi wangu mliosomea sheria mtanieleza kesi ya namna hiyo inaamuliwaje.

"Redio, zima!" Redio akarukia ukutani akazima swichi. Feni ikasimama. Taa ikazimika. Mashine ikaendelea kukaza kwa utulivu wake, maana ni ya betri. YA BETRI, Redio! Yeye ndiye aliyeibadilisha asubuhi, kwa mikono yake! Akarudi mbio kwenye kitufe, akakizungusha, na kati ya pande mbili zilizokuwepo akachagua ile nyingine. Ngumi ikakaza zaidi. Mzee akashuka inchi moja. Kofia ikamdondoka, ikabingirika ikatulia mapajani mwangu, nami nikajikuta naitazama ile mishono ya viua, imeshonwa kwa mkono, imependeza kweli. Mtu akiwa kwenye aibu akili inakwenda kupumzika kokote.

Halafu bibi akatamka lile neno ambalo, kwa haki yake, Redio amelinukuu sawasawa: "Mimi arobaini mwaka huu kwenye ndoa, sijazishika hizo ndevu mbele za watu. Wewe umemjua leo, saa nne asubuhi!"

Msimamizi akaingia hapo hapo. Alichokiona ni chumba cheusi, mwanafunzi wake mmoja kashika mzee ndevu, kofia kaipakata, na mwingine anazungusha kitufe huku analia.

Sekunde 10 zikaisha. Vidole vikafunguka vyenyewe, kimoja kimoja, kwa adabu, kana kwamba havikuhusika.

Yaliyofuata ni ya kawaida tu. Niliomba radhi mpaka koo likakauka, mzee akasema yamekwisha, nikaandika maelezo ukurasa mzima, na ndiyo, niliandika "ndevu za ndugu wa mgonjwa" nikatia sahihi. Mzee hakuniuliza kama nimeolewa, huo ni uongo. Hakutokwa machozi, hayo yalikuwa ya Redio. Bibi alikubali kubandikwa siku ile ile kwa masharti mawili: mumewe akae nje, na Redio asikisogelee kitufe. Unyayo ukainuka vizuri, bibi akauangalia akasema "Alhamdulillahi", akaniangalia mimi akanyamaza. Kesho yake nikahamishiwa kliniki ya watoto. Msimamizi anasema ni ratiba. Watoto hawana ndevu, na mimi si mjinga.

Jana nimekutana nao kwenye korido, wamekuja mazoezini. Bibi anatembea na fimbo ameishika mkono wa kushoto kama alivyoelekezwa, ndala iko mguuni. Nikatoa shikamoo mikono nikiwa nimeificha nyuma. Mzee akaitikia marahaba, akahamia upande wa pili wa korido, ndevu kaziingiza ndani ya kanzu. Bibi akasimama, akaninyooshea fimbo: "Mikono itoe mbele niione." Nikaitoa. Akaikagua pande zote mbili, akasema, "Haya pita."

Redio alikuwa dirishani. Najua kufikia jioni mtaambiwa nilikimbizwa kwa fimbo mpaka getini. Sikukimbizwa. Nilitembea haraka.