Kitanda Kipo, Mbona Anatoroka?

Kanjo, yaani askari wa jiji, wakiwakusanya watoto wa mitaani, wale tunaowaita machokoraa, na kuwafikisha kwenye makao ya kuwahifadhi, wapo watakaotoroka kabla wiki haijaisha. Basi tunaguna: si walipewa kitanda? Hao mtaa umewakolea.

Nadhani tunawasoma vibaya. Mvulana aliyelala miaka mitatu kwenye besi, kijiwe wanacholala watoto wa mitaani, wenzake wamembana huku na huku, amezoea kulala na walinzi. Kitanda tunachojivunia kinamlaza peke yake gizani, mlango umetiwa kufuli, ufunguo anao mtu mzima. Na ikiwa aliyemkimbiza nyumbani alikuwa mtu mzima? Chupa ya gundi aliyonyang'anywa langoni ndiyo iliyokuwa ikimtuliza njaa, baridi na hofu. Gundi ni sumu, sibishi. Ila ukimnyang'anya jioni ya kwanza, uwe na la kumpa hofu hiyo itakaporudi usiku wa manane.

Uingereza, wataalamu Robin Johnson na Rex Haigh walilipatia wazo la kuzingatia hofu kama hizi jina mwaka 2010: makao yanayoendeshwa kwa kuielewa saikolojia ya wanaoyatumia. Jina kubwa, kazi ndogondogo. Aketi mahali anapouona mlango. Asiguswe kabla ya kuulizwa. Akitukana, asifukuzwe usiku huohuo. Kesho aulizwe kilichomsibu.

Wanaopinga wanakuja na hesabu, na si hesabu ya kupuuza. Sensa ya 2018 ilipata watu 46,639 wa familia za mitaani nchini Kenya, 15,337 wakiwa Nairobi. Wanasaikolojia wa kuwatosha tutawatoa wapi? Anayenyeshewa anataka paa kwanza, ushauri nasaha baadaye. Kweli.

Lakini 46,639 ni hesabu ya vichwa, si ya safari. Kijana aliyeokotwa Januari, Mei na Septemba amekula mafuta ya lori mara tatu, nguo mara tatu, godoro mara tatu, na kila akirudi mtaani anatuamini kidogo kuliko jana. Safari hizo nani anazihesabu? Hazina ya kurekebisha familia za mitaani iliundwa 2003, na miaka 15 baadaye bado tulikuwa tunahesabu vichwa.

Wala si lazima kila makao yaajiri mwanasaikolojia. Anayewaona watoto wakishtuka usingizini saa nane za usiku ni bawabu. Mimi ningeanza kumfundisha huyo.